Lumbesa Uliyonipimia

Anyosisye,

Bega limepona. Naanza na hilo kwa sababu hata wewe ungeliuliza kabla ya salamu. Mkono wa kulia unapanda mpaka juu ya kichwa, na juzi pale kiwandani nimeshusha mbao kwenye lori bila kumwita mtu. Ungekuwepo ungesema, "Mnyalu, sasa unaweza kuoa." Hupo, nikajisemea mwenyewe, wala haikuchekesha.

Lakini sikuandikii habari za bega tu. Nina wivu, ndugu yangu, na wa kumwambia ni wewe peke yako. Namwonea wivu binamu yako Lutengano. Nikimwambia mtu mwingine hapa Mafinga atanicheka, maana tunayemgombania ameshazikwa.

Uliondoka vibaya. Asubuhi ulisema kifua kinabana, jioni tunatafuta gari la kukurudisha kwenu Mbeya. Mkono wangu ulikuwa bado haujiwezi. Siku ya mazishi, jeneza lilipotolewa ndani, nilisogea na wanaume wenzangu nikashika pembe ya mbele. Mjomba wako akalitazama bega langu, akanitoa taratibu kama anavyotolewa kuku jikoni, akasema, "Wewe mgonjwa, shika msalaba." Kwenye nafasi yangu akaingia Lutengano.

Nikashika msalaba. Najua kutangulia na msalaba ni heshima, usinihubirie. Lakini kwetu hupewa wajukuu, na ule ulikuwa wa paini, mbao ninayoipasua kila siku, nyepesi hata kwa mkono wa kushoto. Nilikutangulia kwenye kile kilima nikisikia nyuma yangu Lutengano anavyohema kwa ajili yako. Njia nzima sikutoa chozi. Wanawake wa kwenu walidhani nina moyo mgumu, kumbe nilikuwa nimekasirika.

Unakumbuka tulivyoanza? Gogo liliponivunja mtulinga, huu mfupa wa begani, na daktari akanifungua ile kamba ya shingoni, aliniambia nikanyanyue vyuma vidogo nyumbani. Vyuma vya nani? Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, jiko la mkaa na yale magunia yako ya viazi ya kupeleka sokoni. Ukanicheka mpaka ukakaa chini. Kwanza ulinitambazisha vidole ukutani kama buibui, kila siku juu kidogo. Ukafunga tyubu ya baiskeli kwenye kitasa cha mlango, nivute. Kisha ukachukua kiroba, ukatia viazi vichache, ukakifunga kamba na kunikabidhi kama unanikabidhi mtoto.

Kilikuwa chepesi, nikalalamika. Ukasema mzigo mdogo unakuwa mkubwa ukiushusha taratibu. Nishushe kama naweka mayai, nitulie kabla hakijagusa sakafu, ndipo nipandishe tena. Nilitetemeka mkono mzima kwa viazi ambavyo mtoto angevipeleka dukani akiruka kamba. Na nilipotaka uongeze haraka, ulisema neno ambalo mpaka leo linanikera kwa kuwa ni kweli: "Mzigo hauongezwi kwa hasira, unaongezwa kwa kiazi."

Mara moja dada yangu alitoka Iringa mjini na watoto, nyumbani hakuna kitu, tukakaanga uzito wangu wote tukaula kwa chumvi. Kesho yake ukanipimia mpya. Hapo ndipo uliponifanyia uhuni. Uliniambia ni kilekile cha jana, nami nikakinyanyua, nikakishusha, nikakinyanyua tena. Nilipomaliza ukaniambia nikitazame vizuri. Kiroba kilikuwa na nundu, viazi vimejazwa juu ya mdomo na kusukiwa kamba. Lumbesa! Ile ile lumbesa ninyi wachuuzi mnayowapimia wakulima kama mama yangu, gunia moja linabeba karibu mawili. Mama angekukimbiza na jembe. Ila siku ile nilifurahi sana, maana mkono ulibeba nisichojua kama naweza kukibeba. Nililala nikijua kwamba duniani nina rafiki mmoja anayenidanganya kwa faida yangu.

Sasa sikia kilichoniuma. Kwenye matanga mama yako alinikalisha karibu naye, akanipa kande, akaniuliza bega linaendeleaje. Nikamweleza habari ya viazi. Akatabasamu kwa mara ya kwanza toka tufike. Akasema ulianzia kwa Lutengano, alipoanguka kwenye mparachichi akaumia mgongo. Ulimpimia viazi hivyohivyo mpaka akasimama, na hata lumbesa ulimfanyia, tena alilia.

Nikaisukuma kando sahani ya kande. Nilidhani uliyabuni yale pale chumbani, kwa kunihurumia mimi. Kumbe nilirithi. Nikamtazama Lutengano akigawa maji kwa wageni, jitu zima lenye mabega kama mlango, nikamchukia kwa moyo wote. Amekubeba, amenitangulia, na damu ni yake. Mimi nina nini? Kumbe hata uongo wako kwangu ulikuwa wa pili.

Nilirudi Mafinga na wazo moja. Wakati wa kujengea kaburi, gari haliwezi kufika pale juu mgombani, saruji itapandishwa mabegani. Nikaapa nitabeba mfuko mzima peke yangu, kwenye bega hilihili, mbele ya mjomba wako na mbele ya Lutengano. Ningekubeba kwa namna yangu, hata kama nimechelewa.

Nikaanza kwa hasira. Nilijaza ndoo ya rangi mchanga hadi mdomoni, nikapandisha kama mtu anayegombana. Bega likavimba, nikashindwa hata kuvaa shati. Nililala nikiangalia kitanda chako, nikakutukana kidogo, samahani. Kisha nikarudi kwenye kiroba na viazi vichache. Kupandisha, kutulia, kushusha kama mayai. Zikapita mvua, likapita lile baridi letu la kukausha midomo, nikihama kutoka viazi kwenda mchanga, kutoka mchanga kwenda magogo madogo ya kuni. Majirani walinizoea.

Wiki iliyopita tumekujengea. Nyumba yako nzuri, ina marumaru nyeupe, mafundi wameweka mteremko maji yasituame. Nilifika mapema nikakuta mifuko ya saruji imeshushwa barabarani, na Lutengano amesimama pembeni yake, mikono mfukoni. Nikajua anasubiri watu wajae aonyeshe nguvu zake. Nikavua koti ili asinitangulie tena.

Akaniita chemba. Akasema chini chini, "Mnyalu, beba wewe. Mgongo haujarudi tangu siku ile tulipombeba. Mama asijue."

Nilibeba. Nilipandisha mfuko mzima mpaka kwako, bega likiuma kwa namna nzuri, na hakuna aliyeona ajabu. Fundi aliniambia niuweke kando, nimeziba njia. Nikashuka, nikabeba na wa Lutengano.

Hapo ndipo nilipotakiwa nifurahi, Anyosisye. Nimemshinda. Lakini nilipokuwa nashuka nilimwona anainama kuokota koleo, akaishia katikati, akashika kiuno, akafumba macho. Nikafahamu kwamba kila akiinama anaubeba tena uzito wako. Mimi nimepona, sina hata mahali panapouma nikasema hapa ndipo ulipo. Amini usiamini, nikamwonea wivu na ugonjwa wake.

Nimemwambia aje Mafinga. Alikataa, nikamwambia sio ombi. Atalala kwenye kitanda chako, ambacho nilikuwa nimekataza mtu yeyote asikikalie. Nitaanza naye amelala chali, magoti juu, bila mzigo wowote kwanza. Nitampimia viazi mwenyewe, kimoja kimoja, na sitamharakisha, nakuahidi. Atasimama wima kama nilivyosimama mimi. Na mama yako nitakuwa naenda kumwona, nimlimie na kale kashamba ka nyuma, maana mkono upo.

Lala salama, ndugu yangu. Ila nakuomba kitu kimoja. Huko uliko wakikuuliza rafiki yako hasa alikuwa nani, nitaje mimi kwanza. Lutengano mtaje wa pili. Sitamwambia.

Mnyalu wako