Kusimamisha Mlingoti wa Hemedi

Shemeji Hemedi,

Tangu ulipotutoka, kisiwa hiki cha Mombasa kimebaki na mtu mmoja tu anayejua mambo ya milingoti, na mtu huyo ni mimi. Sijisifu. Waulize watu wa Liwatoni. Nikishuka pale wavuvi huacha nyavu zao wakanitazama. Juzi mmoja aliniita "injinia", wenzake wote wakacheka kwa furaha.

Nakuandikia nikiwa dukani Ndia Kuu, juu ya kaunta, baina ya vinyago na vikuku vya kuuzia wageni. Kila nikimaliza mstari nainuka, naenda mlangoni, natazama ndia, narudi. Siketi, shemeji. Niko kama mtu aliyeacha chungu motoni nyumba ya mbali.

Basi nikupe habari. Dada yangu ametoka eda. Mkeo amekonda, ila sauti ni ile ile. Hata kabla hajazoea jua akaniita, akaniambia, "Salimu, kile chombo cha marehemu kinaozea uani Ganjoni. Kuna bwana wa Kilifi yuwakitaka." Fatma alikuwa amesimama mlangoni, ametoka kazini Biashara Street, mfuko wa leso bado uko mkononi. Wamjua mwanao akinyamaza. Ni wewe mtupu.

Nikauliza, kwani chombo kina kosa gani? Ni kizuri, cha tanga, cha fibaglasi, kidogo, kinakaa juu ya trela lake kama mtoto mgongoni. Yule Mzungu uliyekuwa ukimtengenezea vyombo alikuachia wewe, hakumwachia mwengine. Dada akasema kosa ni mlingoti. Na kweli. Njia yote ya kwenda majini nyaya za stima zimekatiza juu, mlingoti lazima ulazwe. Na ukifika majini lazima uinuliwe. Wewe ulikuwa ukiutia begani, ukitembea nao kutoka tezi, nyuma ya chombo, mpaka katikati huku unapanda, mimi nikivuta kamba kule mbele, omo, na kukupigia makelele. "Usilegee, Hemedi, usilegee!" Nawe ukinijibu, pumzi zimekwisha, "Vuta kamba, bwana, usivute maneno." Bega lile sasa liko mchangani.

Dada akakata shauri mbele yetu. "Mimi siwezi kila wiki kuwapigia magoti waume za watu waje wanisimamishie mlingoti. Fatma akiweza kuuinua peke yake, chombo ni chake. Asipoweza, kinakwenda Kilifi." Fatma akanitazama. Nikajisikia nikisema, "Niachieni mimi. Nilishawahi kusimamisha mlingoti wa jahazi kwa kamba ya usumba na punda." Dada akaniuliza, "Punda gani, Salimu?"

Nikaanza kazi, wallahi, siku ile ile. Duka nikalifunga mchana, wageni wakapita wakapapasa kufuli. Mimi shule niliishia la saba, na hilo la saba nilikaa dirishani, lakini kichwa hiki kinachora chenyewe. Nilimwendea Kazungu, yule fundi wa kuchomelea anayetoka kwao Kaloleni, nikamwambia nataka bomba la chuma lenye urefu wa mtu na kimo cha mkono juu yake. Bomba lisimame wima penye shina la mlingoti, mlingoti umelala kuelekea nyuma. Kamba itoke ncha ya bomba ishike mlingoti kule juu. Kamba nyengine itoke ncha ile ile, ipite kwenye kapi, kile kigurudumu cha kamba kilichoko omo, irudi kwenye winchi. Ukizungusha winchi bomba linalala mbele, na likilala lenyewe, mlingoti unainuka. Kama mzani wa dukani: huku kushuka, kule kupanda. Kazungu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee Salimu, hii yatoka kichwani mwako ama umeiona kwa watu?" Nikamwambia yatoka kichwani. Hilo, Hemedi, tuliache hivyo.

Jaribio la kwanza tulilifanya mimi na Fatma tu. Sikia sasa kosa lililotaka kunitoa roho. Wewe na mimi tumekua tukiona milingoti ya majahazi imeinamia mbele, kama mtu anayewahi sala. Kwangu mimi mlingoti usioinama mbele ni mti wa nguo. Basi nikapima kila kitu kwa hesabu hiyo. Mlingoti ukaja juu, ukafika wima, Fatma akasema, "Mjomba, basi." Nikamwambia, "Basi gani? Bado haujainama." Nikazungusha. Waya wa nyuma, ule unaouzuia mlingoti usianguke mbele, ukaanza kulia kama nzi ndani ya kopo. Fatma akapaza sauti, "Mjomba, hiki si jahazi!" Nikazungusha tena, kwa sababu mimi ni mimi. Bomba la Kazungu likapinda kama mundu, mlingoti ukayumba kando, ukapita juu ya kofia yangu, ukaangukia mpapai wa jirani. Mapapai mabichi yakamwagika uani. Jirani akatoka na kanga kichwani akaniuliza kama nimetumwa.

Mlingoti haukuvunjika, alhamdulillahi. Fatma aliupapasa wote kutoka shina hadi ncha, kama unavyompapasa mtoto aliyeanguka. Kisha akaketi juu ya trela, akasema polepole, "Baba alikuwa akisema chombo hiki chataka kusimama, si kuinama. Ulikuwepo akisema." Nilikuwepo. Nilikuwa nazungumza.

Tangu hapo usingizi ukanipa mgongo. Nikitembea Ndia Kuu natazama nguzo za simu kama ziko wima. Nikila napima uma juu ya sahani. Nikarudi kwa Kazungu, akanitengenezea miguu miwili iliyofungwa pamoja juu, mfano wa ngazi isiyo na vidato, ili isipinde wala isiyumbe. Mlingoti nao nikautilia kamba mbili za ubavuni, kulia na kushoto, zimefungwa usawa mmoja na bawaba ya shina, zikae zimekaza tangu umelala hata umesimama. Hilo la kamba za ubavuni ni la Fatma. Nalitaja kwa kuwa wewe hutamwambia mtu.

Siku yenyewe bwana wa Kilifi alikuja na gari yake, amevaa miwani ya jua. Dada alikuja na buibui lake jeusi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono imefumbatana. Nikataka kusimama penye winchi. Dada akasema, "Salimu, rudi nyuma. Rudi tena. Tena." Nikajikuta niko pamoja na kuku.

Fatma akafunga mtandio, akachomeka mkono wa winchi mahali pake, akaushika. Tiki, tiki, tiki. Ile miguu ya chuma ikaanza kulala kuelekea omo, na mlingoti ukajitoa kwenye tezi kama mtu anayeinuka kitandani bado ana usingizi. Ulipofika katikati, mahali ambapo wewe ulikuwa ukisimama kuvuta pumzi, Fatma naye akasimama. Sikuona uso wake. Dada akaniita bila kugeuka, "Mbona amesimama?" Nikainama nikajifanya nafukuza kuku, mimi, Salimu. Kisha tiki, tiki. Mlingoti ukafika wima, Fatma akauacha hapo hapo, wima, akatia pini.

Bwana wa Kilifi akapiga makofi. Dada akamwambia, "Karibu chai, bwana. Chombo hakiuzwi." Akainuka, akaenda kuugusa ule mlingoti kwa kidole kimoja, kama anayejaribu pasi ya moto.

Sasa chombo kinashuka Liwatoni kila Fatma apatapo nafasi. Anakwenda na rafiki yake wa kazini. Trela linavutwa na tuktuk ya jamaa. Mlingoti anauinua mwenyewe na kuulaza mwenyewe. Hakuna tena wa kuitwa. Nimetengeneza kitu kizuri mno, shemeji, sijui kama wanielewa.

Pumzika. Mola akupanulie hapo ulipo, akuondoshee uzito wote uliobeba. Mwanao simwachi, dada simwachi, na kamba za ubavuni nitazibadilisha kabla hazijachoka, nakuahidi kwa Mungu mmoja.

Bado neno moja, na usimwambie mtu huko. Wiki iliyopita Fatma alikuja dukani anahema, "Mjomba, mkono wa winchi hauonekani, nishautafuta uani kote." Nikamwambia vitu vya chuma vina tabia ya kupotea, bora nifuatane naye, huenda nikauona. Tukaenda pamoja, tukazungumza njia nzima, na kwa bahati nikauona chini ya trela.

Hemedi, mkono ule ulikuwa kwenye mfuko wa kanzu yangu. Na hivi leo uko tena hapa, chini ya kaunta, nami natazama ndia kama yuwaja.

Shemejio,
Salimu