Ombi la Rufaa na Jagi la Mkojo

Jumatano, baada ya Isha

Mkojo umemwagwa tena leo alfajiri, na aliyeumwaga ni mke wangu.

Tangu juzi, binti yetu Raya alipojifungua na kushikwa na kifafa cha mimba, daktari ameagiza kila tone la mkojo wake lipimwe kwenye jagi, maana figo zake zimedhoofika. Zisiporejea kufanya kazi, itatubidi tumpeleke Unguja akasafishwe damu. Mke wangu alitaka kusali kando ya kitanda, akaona si vyema najisi ikae pale.

Mimi nami, badala ya kumwelimisha, nilikuwa nje ya wodi nikitunga ombi la rufaa ya haraka, apelekwe hospitali ya Unguja, "kwa heshima na taadhima". Muuguzi alilipokea.

"Mzee Hamad, barua yako tamu kama hotuba ya Ijumaa. Mkojo uko wapi?"

"Nimeumwaga, mwanangu," mke wangu akajibu. "Ningesalije na uchafu ule?"

"Mama, uchafu ule ndio tunaoungoja sote."

Akaigeuza barua yangu, akachora mistari nyuma yake, akampa mke wangu pamoja na kalamu. Nilikasirika, sikatai. Lakini nimechoka, na ninaogopa...

Magharibi mke wangu alinionyesha karatasi ile. Kwa hati yake iliyopinda ameandika: "Asri, matone. Magharibi, mililita mia na hamsini." Muuguzi amesema ni dalili njema, tusubiri asubuhi.

Niliisoma mara nne. Haina salamu wala hitimisho, nami sikusahihisha hata neno.