Amplifaya ya Tatu

Mtumba, Dodoma

Kaka Zablon,

Shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo Mtera, wewe, wifi Jenifa na watoto. Natumaini mashine yako ya kusaga inaunguruma kama kawaida na foleni ya wenye uwele na mtama haijapungua mlangoni. Huku Nkuhungu tu wazima, ila upepo wa msimu huu umetujaza vumbi hadi ndani ya sufuria, na mimi mwenyewe sijatulia. Barua hii niliianza nyumbani nikaiacha, sasa naiendeleza hapa ofisini Mtumba wakati wenzangu wamekwenda kula. Nimeshanyanyuka kitini sijui mara ngapi. Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Soma mpaka mwisho, utajua kwa nini.

Nianze na ile kazi uliyonituma. Hedifoni zako zilipofika na basi la Iringa, zimeviringishwa kwenye kanga ya wifi kama mtoto mchanga, nilicheka. Nilijua mapenzi yako kwa hizo hedifoni, tangu wale mafundi waliokuja kurekodi kwaya wakuachie. Ngozi imebanduka, umeziba kwa kitambaa cha joho la kwaya, na bado unasema hakuna nyingine inayotenganisha sauti ya tena na ya besi kama hizo. Ukasema sasa zimezeeka, zinameza sauti ya kwanza, ile ya juu ya akina dada, na mwalimu wa kwaya asiyesikia sauti ya kwanza atafundisha nini. Nikutafutie amplifaya inayozifaa.

Nikazipeleka kwa Vishal, yule niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa ana duka la vyombo vya muziki karibu na soko. Alizigeuzageuza akasema ni nzito kuendesha, simu peke yake haiziwezi, zinataka amplifaya yenye nguvu lakini isiyovuma. Tukachagua ndogo, ya kutia mfukoni. Ukairudisha, ukisema besi imependeza ila sauti ya kwanza bado haipo. Tukachagua ya pili, kubwa zaidi, Vishal akaisifu kwamba inang'arisha sauti za juu. Nayo ukairudisha pamoja na hedifoni, na ujumbe kwamba sauti ya kwanza wanaimba kama watu wenye ugali mdomoni. Vishal alifika mahali akiniona naingia anajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta.

Ya tatu ndiyo ile ya mezani, nzito kama pasi ya mkaa. Vishal alisema zaidi ya hapo tutaunguza hedifoni. Wiki iliyopita nayo ikarudi. Safari hii ulikuwa umebandika selotepu kwenye kitufe cha sauti ili kisisogee njiani, na ukaniagiza nisikilize hapohapo ulipokiacha, nijionee mwenyewe uvivu wa Hilda na wenzake wa sauti ya kwanza.

Kaka, kuhusu Hilda nilikuwa na kinyongo na sikukuambia. Siku ya ibada ya mavuno nilikuwepo, nimekaa nyuma kabisa karibu na mlango, na nilimsikia Hilda kuliko wote. Baada ya ibada ukamtoa kwenye kwaya mbele ya watu, ukasema anafungua mdomo tu, sauti hatoi. Nilidhani mna ugomvi wenu. Nilikasirika, nikala chakula chako nimenuna, nikarudi Dodoma.

Basi Jumamosi nikakaa mkekani, nikavaa hedifoni, nikafungulia ule wimbo mliorekodi kabla Hilda hajatoka. Nilizivua nikazitupa. Masikio yaliniuma hadi nikaogopa kuyagusa. Zikawa zinaimba zenyewe pale mkekani, na jirani yangu Tasneem, aliyekuwa anaanika nguo chini ya dirisha, akauliza ni kwaya gani hiyo yenye dada mwenye sauti nzuri hivyo. Alikuwa anamsikia Hilda kutoka nje, kaka.

Nikabandua selotepu, nikapunguza sauti hadi karibu na mwanzo, nikazivaa tena. Sauti ya kwanza ilikuwepo yote, hata pumzi zao kabla ya kiitikio nilizisikia.

Tangu hapo sijatulia. Nikakumbuka nilivyokupigia kukuambia shangazi amelazwa, ukanijibu Mungu ashukuriwe. Nililisimulia hilo kama kichekesho. Nikampigia wifi. Akasema siku hizi asipokugusa bega hugeuki, na kwamba alidhani umemchoka. Akalia. Ile mashine, miaka yote unasimama kando yake masikio wazi, nasi tukikusifu kwa uchapakazi.

Hedifoni zako ni nzima, kaka. Amplifaya zote tatu zilikuwa nzima. Masikio yako ndiyo yanayokuacha, na yameanza na sauti za juu. Ndiyo maana nimeandika, kwa sababu kwenye simu ungeitikia eeh, sawa, halafu ungeagiza amplifaya ya nne. Naogopa. Nakuwaza unavuka barabara ya malori hapo Mtera nami kazi zinanishinda.

Na kuna jambo nimefanya bila ruhusa yako. Nimemwambia Hilda. Nimetoa siri yako kabla wewe mwenyewe hujaijua, ukitaka kunigombeza utanigombeza. Lakini alikuwa ameacha kuimba hata jikoni kwake. Aliamini sauti yake imekufa na kwamba wewe peke yako ndiye uliyekuwa na ujasiri wa kumwambia.

Nimeongea na daktari wa masikio hapa mjini, anakusubiri. Anasema huenda masikio hayatarudi yalivyokuwa, ila kuna kifaa kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio, kinachopimwa kumfaa mvaaji, kikaongeza zile sauti zilizompotea. Hiyo ndiyo amplifaya tuliyokuwa tunaitafuta, na Vishal haiuzi. Hedifoni nabaki nazo. Hazipandi basi tena. Njoo uzichukue mwenyewe, chumba nimeshakuandalia.

Msalimie mchungaji na wanakwaya wote. Shangazi ametoka hospitali, anakusalimu sana, na lile jibu lako amekwisha kulisamehe. Mwambie wifi hujamchoka, umwambie kwa mdomo wako.

Hilda hana kinyongo. Anaomba kitu kimoja tu: siku utakapovaa hicho kifaa, kabla hujasikia chochote kingine, aimbe yeye.

Mdogo wako anayekusubiri stendi,

Ruthu