Nani Aliwaambia Tufe Langu Linataka Kung'aa?

Jumapili, Masasi. Joto limeanza kabla jua halijapanda vizuri, na upepo unaleta vumbi na harufu ya mabibo yaliyooza chini ya mikorosho. Sijaenda kanisani. Nisingeweza kumpa mtu mkono wa amani na uso huu.

Nina hasira. Naandika ili nisije nikamropokea binti yangu Neema, ambaye hana kosa lolote.

Kwa mnaosoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa hesabu, naishi Mkomaindo, na nacheza bowling. Ndiyo, ule mchezo wa kuviringisha tufe zito kwenye njia ndefu ya mbao ili liangushe pini kumi. Nilijifunza Dar nikiwa chuoni, nilipokuwa nakaa kaunta kuwapa watu viatu vya kukodi. Masasi hakuna ukumbi wa kuchezea. Kwa hiyo hapa nyumbani naviringisha tufe langu uani, linagonga gunia la pumba, narudia. Majirani walishazoea. Kila likizo napanda basi kwenda Dar kucheza na wenzangu.

Tufe ni langu mwenyewe. Matundu yake ya vidole yamepimwa kwa vidole vyangu. Na ngozi yake ya nje naitunza kwa msasa, ule msasa wa maji wanaotumia mafundi rangi wa magari, namba elfu moja. Nalisugua mpaka linafifia. Ukilitazama unaweza kudhani limechakaa.

Halijachakaa. Nimelifanya hivyo kwa makusudi.

Njia ya bowling inapakwa mafuta. Mwanzoni ni mengi, kule mbele karibu na pini pamekauka. Tufe lenye mikwaruzo linayashika yale mafuta kama tairi jipya linavyoshika tope, linaanza kukata kona mapema, linaingia kwenye pini kwa ubavu. Tufe lililong'arishwa linateleza. Linapitiliza. Likija kukumbuka kukata kona, pini zimeshapitwa. Tufe ni lilelile, uzito uleule, mkono uleule. Umebadilisha ngozi tu, na umebadilisha mchezo mzima.

Haya nimeyaeleza nyumbani kwangu si mara moja.

Jumamosi ya wiki iliyopita kulikuwa na mchujo wa timu ya wanawake ya kwenda kucheza Nairobi. Nafasi nne. Nilikuwa nimejiandaa mwaka mzima, gunia la pumba limepasuka mara mbili. Nikafika ukumbini, nikakaa kwenye benchi, nikafungua zipu ya begi.

Tufe lilikuwa linang'aa kama sufuria ya bi harusi. Niliona uso wangu ndani yake.

Nilijua palepale. Wiki moja kabla, Baba Neema alikuwa amekwenda Newala kumsalimia kaka yake, Shemeji Damian, ambaye ni mchonga vinyago. Aliniomba ruhusa kubeba begi langu. Nilidhani anataka begi tupu, tufe atalitoa. Kumbe alibeba na kilichomo, akamkabidhi kaka yake alisugue na kulipaka polishi, iwe zawadi. Akalirudisha kimya, likakaa kwenye kona yake, nami nilikuwa nasahihisha mitihani na sikulifungua mpaka Dar.

Dada Zuhura, mkubwa wetu katika wenzangu wa Dar, aliliona kabla sijalificha. Tulikuwa na dakika za mazoezi, mchezo haujaanza. Akaniinamia.

"Mwalimu, pitisha msasa sasa hivi. Wakishatangaza kuanza huruhusiwi tena kuligusa."

"Liko sawa, dada," nikamjibu. "Safari hii nalitaka hivi."

Nalitaka hivi! Mimi!

Kipande cha msasa kilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Dakika tano zingetosha. Lakini wale wanawake wote walikuwa wananiangalia, na waume wa wawili kati yao walikuwa wameketi nyuma na chupa za maji, wakiwapigia makofi. Mimi niseme nini? Kwamba mume wangu wa miaka tisa hajui mkewe anafanya nini na kitu hiki? Nikaona bora nirushe nilichonacho.

Nikarusha. Likateleza. Nikasogeza miguu, nikageuza kiganja, nikapunguza kasi. Likateleza vilevile, zuri, jeusi, linameta chini ya taa, likapita kando ya pini ya mbele kama mtu aliyemwona mdai wake. Nilimaliza wa tano. Nilizidiwa pini tatu.

Nilipofika Masasi Baba Neema alinipokea stendi. Alikuwa anatabasamu tangu mbali.

"Umeliona?"

"Nimeliona," nikasema.

Siku tano sikusema zaidi ya hapo. Napika, natenga, naondoka. Yeye akadhani nimechoka na safari. Hata hilo liliniudhi.

Jana nikapanda gari mwenyewe kwenda Newala. Niliamua kuanza na shemeji. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na niliyapanga makali. Nilimkuta uani kwake, amekalia kigoda, vumbi jeusi la mpingo limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Mama Neema. Vipi, mmeshinda?"

Nikamwambia hatukushinda, na nikamwambia kwa nini. Sauti yangu ilipanda. Mkewe alitoka jikoni kusikiliza. Shemeji Damian hakunikatiza. Nilipomaliza akaweka patasi chini, akajifuta mikono.

"Mimi nilimuuliza," akasema.

"Ulimuuliza nani?"

"Mumeo. Nilipopitisha kidole niliona mikwaruzo yote imelala upande mmoja. Kitu kikichakaa kinakwaruzika ovyo, huku na huku. Hii nikaona imewekwa na mtu. Nikamwambia, mdogo wangu, mwenyewe amelitaka hivi. Akanijibu hapana, limechakaa tu, na mwenyewe ndiye kasema ling'arishwe."

Nikakaa kwenye gogo lililokuwa karibu.

"Mpini wa jembe siupaki polishi, shemeji," akaendelea. "Utamtoka mtu mkononi. Ningejua ningeliacha. Nimelisugua siku mbili. Nimemaliza ndoo nzima ya maji."

Ndoo nzima, Newala, mwezi huu, ambapo mkewe anaamka alfajiri kupanga foleni ya maji. Yule mama alikuwa amesimama pale mlangoni. Nilikwenda kugomba, nikajikuta naomba radhi. Na maneno yangu makali yote nikarudi nayo Masasi.

Fikirieni. Mtu ambaye hajawahi kuona bowling hata kwenye picha alilishika tufe langu mara moja akaelewa. Aliyelala nalo chumba kimoja miaka tisa akasema limechakaa. Akanisingizia na maneno.

Leo asubuhi Neema alipotoka kwenda kanisani na bibi yake, nilimweka Baba Neema kitako.

"Ulimwambia kaka yako kwamba mimi ndiye nimetaka ling'arishwe?"

Akaangalia chini. "Nilitaka iwe zawadi. Angekataa."

"Angekataa kwa sababu alikuwa sahihi! Nilikueleza habari ya mafuta na msasa. Nilikueleza nikiwa na mimba ya Neema. Nilikueleza tukitoka harusini Lukuledi, gari lilipokwama kwenye tope, nikakuonyesha na tairi lenyewe. Ukasema 'ahaa'. Ulisema 'ahaa', Baba Neema!"

Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea, kwa sababu si mtu wa kukiri upesi.

"Nilikuwa sisikilizi. Nilidhani ni mchezo tu, unajifurahisha. Nilikuwa naitikia."

Nilitamani angebisha. Ningekuwa na pa kuitupia hasira yangu. Badala yake nikaanza kulia, na kulia kwa hasira ni kubaya, pua inajaa. Katikati ya kile kilio nikamwambia na la msasa, kwamba ulikuwepo begini na muda ulikuwepo.

"Sasa kwa nini hukupitisha?"

"Kwa sababu ningelazimika kusema ni wewe."

Alisimama, akaenda uani. Baadaye nikasikia maji yanamiminwa kwenye beseni. Nilipochungulia, amelipakata tufe mapajani na msasa mkononi, analisugua kwa kulizungusha kama anayeosha kichwa cha mtoto. Anakosea kabisa. Mkono unatakiwa uende upande mmoja.

Sikumrekebisha. Nilisimama dirishani nikiwa bado na hasira, na nikasema moyoni, asugue mpaka achoke, na kesho nitalisugua upya mwenyewe. Msamaha hautatoka leo. Alimdanganya kaka yake kwa jina langu, na nafasi ya Nairobi imekwenda kwa mtu mwingine, na sijui mchujo mwingine utakuwa lini.

Lakini kuna jambo limeniingia tangu nilipokaa hapa kuandika, na silipendi.

Wale waume waliokuwa wameketi nyuma ya njia na chupa za maji. Nimewaonea wivu wiki nzima. Baba Neema hajawahi kuniona nikirusha kwenye ukumbi, hata mara moja. Miaka tisa. Nilikuwa naandika hilo kama kosa lake, nikaandika nusu ya sentensi, nikasimamisha mkono.

Nimejaribu kukumbuka siku niliyomwambia twende wote. Siikumbuki. Nakumbuka nikipanda basi peke yangu na begi langu mapajani, nikishusha pumzi gari likishapita mizani ya barabarani, nikifurahi kwamba kule niendako mimi si Mama Neema wala mwalimu. Nakumbuka mwaka mmoja aliuliza kama likizo ile aombe ruhusa kazini, nami nikasema asijisumbue, ni mchezo tu.

Ni mchezo tu. Hayo yalikuwa maneno yangu mwenyewe.

Bado anasugua huko uani. Je, nitoke nikamwonyeshe mkono unavyokwenda, au nibaki na hasira yangu mpaka Neema arudi?