Bei ya Sebuleni, Bei ya Jikoni

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kanitolea makucha leo. Miezi miwili sijaleta nyumba hata moja! Kasema mbele ya watu wote: Ijumaa nisipokuwa na mkataba uliotiwa saini na mwenye nyumba, meza yangu ya dirishani anapewa mwingine, mimi nikapokee simu kule mapokezi. Miaka sita ya udalali, niishie kusema "subiri kidogo nikuunganishe". Thubutu!

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Mchana kapiga simu mzee mmoja mstaafu. Wana nyumba ya ghorofa moja karibu na stendi ya zamani, wanataka kuuza. Kesho saa nne. Kaniambia wazi kwamba kaita na madalali wengine. Sawa. Hao wengine ndio nani?

Jioni nimefanya mazoezi nyumbani. Mume wangu kawa mwenye nyumba, wifi kawa mke wa mwenye nyumba. Nikaingia, nikafuta viatu, nikasifu mapazia. Kiti kikubwa sikukikalia — kiti cha mwenye nyumba hakikaliwi, hiyo ni kanuni ya kwanza. Nikauliza maswali matatu ambayo jibu lake lazima liwe ndiyo. Mteja akishasema ndiyo mara tatu, ya nne ni saini. Mume wangu kasema ndiyo zote tatu, halafu kasinzia. Wifi yeye kanuna: robo saa nzima nimekaa hapa, hujanitazama hata mara moja. Nikamwambia, wifi, wewe leo ni pambo tu. Kanirushia mto.

Jumanne, 4 Machi

Nyumba nzuri! Kuta nene, madirisha makubwa. Bomba la jikoni linavuja, nimenyamaza. Mapazia nimeyasifu. Paa sijaliona, nalo nimelisifu.

Mzee kajaa kwenye kochi, kalamu mfukoni mwa shati. Ukutani picha ya walimu wamejipanga mbele ya shule. Kumbe mwalimu! Nikaanza kumwita mwalimu, kafurahi huyo. Kiti kikubwa cha dirishani kilikuwa kitupu, nikakikwepa, nikakaa kwenye stuli. Mkewe kaleta maji ya kunywa, kaondoka. Kaleta miwani ya mzee, kaondoka. Magoti yanamsumbua, anatembea kashika ukuta.

Ndiyo ya kwanza nimeipata, ya pili nimeipata. Ya tatu mzee kasema tutaona. Bei sikutaja, bei husemwa mwisho. Hati ya nyumba sikuomba. Bosi katufundisha: ukiomba hati siku ya kwanza, mteja anakuona polisi. Nikawaachia faili langu walisome — maelezo ya nyumba yao, bei za nyumba zilizouzwa mtaa ule, na vilemba vya ukoka kila ukurasa.

Getini nani huyu? Marashi! Dalali wa ofisi ya ng'ambo ya barabara, yule anayejipulizia mpaka inzi wanahama. Shetani kanipitia. Nikamwambia kwa upole, ndugu yangu, mzee yule masikio hayamsaidii, paza sauti. Kanishukuru! Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kamba ile nimeifunga dakika ishirini. Mtaa mzima umesikia: MILIONI MIA NA ISHIRINI, MZEE! Na mzee naye anamjibu kwa makelele, nadhani kaona kiziwi ni Marashi. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Njiani kicheko kikakatika. Mia na ishirini? Nyumba ile haifiki hata mia. Nimepiga hesabu mara mbili: tisini na mbili. Marashi anataja kubwa ili apate saini, halafu kila mwezi anashusha. Mchezo huo kila dalali anaujua. Hata mimi.

Jumatano, 5 Machi

Bosi kapita mezani kwangu, kapima dirisha kwa macho.

Nimemsimulia wifi bei ya Marashi. Kasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu ndiyo, ndiyo maana anafika kabla yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Faili limerudi. Limetapakaa wino mwekundu! Pembeni mwa paa: "Umelisifu mara tatu. Ulipanda lini?" Pembeni mwa jiko: "Bomba linavuja. Mbona kimya?" Pembeni mwa bei nilizokusanya: "Jumla umekosea." Na chini kabisa: "4/10. Rudia." Mzee kanikabidhi pale sebuleni kwao huku anatabasamu. Nikamwambia, mwalimu, una jicho kali! Kacheka tu.

Haya, bei yako? kauliza. Nikaiona meza yangu. Nikaiona na simu ya mapokezi. Mdomo ukasema wenyewe: milioni mia na ishirini na mbili. Hizo mbili za nini? Za kumkomoa Marashi. Mzee kapiga paja. Njoo kesho na mkataba!

Nikabeba glasi kuzirudisha jikoni. Hii kanuni ni yangu mwenyewe: mke ni mlango wa nyuma, mpendeze, atamsukuma mumewe. Nikamkuta anachagua mchele. Nikavuta kigoda, nikasaidia. Mama wa watu mpole! Kaniambia magoti yake hayazitaki tena ngazi. Kuna kinyumba cha chini karibu na bintiye, anayekiuza anawasubiri mpaka mwisho wa mwezi ujao. Halafu kauliza taratibu: mwanangu, kwa bei uliyosema, tutakuwa tumeuza?

Nikashindwa kumdanganya. Nikamwambia: mama, kwa bei ile hamtauza hata mwakani. Ya kweli ni tisini na mbili. Ile ya sebuleni ni ya kupata saini. Kauliza, na mapazia yangu? Nikasema mama, mapazia tunayasifu kila nyumba. Kacheka mpaka kafuta machozi. Na mimi kwa kunogewa nikamwaga vyote: ndiyo tatu, viatu, kiti kikubwa. Hata habari ya Marashi na masikio ya mzee! Tumecheka kama mtu na shoga yake.

Nikamwomba tu, msukume mzee kidogo. Kasema hilo niachie mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika hapa hapa sebuleni kwao, daftari juu ya magoti. Mdomo uliponza kichwa!

Nimefika saa tatu na mkataba. Nikasema mwalimu, leo naomba hati niandike jina la mwenye nyumba. Mzee leo kaangua kicheko. Mwalimu nani? Yeye alikuwa akifanya kazi posta. Na nyumba si yake, ni ya mkewe, kaijenga kwa mshahara wake kabla hawajaoana. Yeye kapewa kazi ya kupokea madalali, na kazi imempendeza sana. Akaita: mama watoto, kuna mtu hatimaye kauliza hati!

Kaingia kashika ukuta, kandambili zinaburuzika. Kaketi wapi? Kwenye kiti kikubwa. Kanyoosha mkono mfukoni mwa mumewe, kachomoa kalamu. Kafungua kifuniko. Nyekundu.

"Mwanangu, nimefundisha hesabu miaka thelathini na tano. Mtoto mwenye majibu mawili sijawahi kumpa alama. Sebuleni mia na ishirini na mbili, jikoni tisini na mbili. Mwenzako anakuja saa nne. Yeye walau jibu lake ni moja."

Natamani sakafu inimeze. Si kwa sababu ya meza. Jana kaniamini, tukachagua mchele pamoja, na mimi nilikuwa nampitia kama mlango.

Kanigeuzia mkataba wangu mwenyewe, kaweka kidole kwenye nafasi ya bei, kaniwekea kalamu. "Andika moja. Naenda kuzima jiko."

Hajafika jikoni, mzee kaniinamia: andika ile kubwa bwana, atafurahi, namjua mke wangu! Kanikonyeza. Simwamini. Je, kama kweli? Bosi ananisubiri na Ijumaa yake.

Nimeandika 9.

Mzee kachungulia, kaguna. Harufu ya marashi imeshaingia dirishani, na kandambili zinarudi kutoka jikoni, na ile 2 bado sijaiandika