Bomba la Hewa Baridi

Mwanza, 10 Februari 2008

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Mimi mzima, ila mikono inanuka grisi hata nikila.

Kazi ya sasa ni gari la mashindano la bosi wangu, Shibuda. Lina turbo ya kusukumia hewa kwenye injini, lakini linavuta hewa ya moto kutoka karibu na rejeta, likipanda mlima linachoka. Nimeachiwa nilitengenezee bomba la hewa baridi, mimi uliyenifundisha kukung'uta vumbi kwenye eya klina za malori ya chakula hapo kambini. Mdomo wa bomba nauweka chini, nyuma ya bampa, ndiko kwenye ubaridi.

Likikubali, tutalijaribu kwa safari ya Ngara. Kwenye basi mkimbizi asiye na kibali anashushwa kizuizini. Kwenye gari la Shibuda nani ataniuliza? Baba, nimekukumbuka mpaka naumwa.

Mwanao, Claudia

Kambini, Ngara, 24 Februari

Mwanangu Claudia,

Marahaba. Kifua bado kinakohoa, ila mwenyewe natembea. Barua yako nimeipokea kwa Deodata mchuuzi wa maharage, nikamsomea na rafiki yangu Anatoli wa kijiji cha Kanazi. Amesema unaandika kama karani.

Sasa nisikilize, fundi wa mjini. Ubaridi uko chini, na maji yako chini. Masika hii barabara ya Nyabusozi ni mto. Turbo haichagui, inavuta kilichopo mdomoni. Malori yetu tuliyainulia bomba hadi usawa wa paa. Lipandishe, hata ukipoteza ubaridi kidogo.

La pili ni zito. Tumesomewa majina. Tarehe 27 Machi narudishwa Burundi. Kabla ya hapo lazima tuganduke, tuondoe matanga ya mama yako hapa alipozikwa. Unajua kwetu haifanyiki bila mtoto wa kwanza, nawe ndiye wa kwanza na wa mwisho. Nimeweka Jumamosi tarehe 15. Anatoli ataleta pombe ya ndizi.

Baba yako, Manirakiza

Mwanza, 12 Machi

Baba, shikamoo. Pole na kikohozi. Naandika nimesimama, Deodata ananisubiri.

Ulichosema ni kweli tupu. Lakini kupandisha bomba ni kukata upya na kuchomelea, siku nne, na Jumamosi itakuwa imenipita. Nimeliacha chini. Shibuda nimemwambia liko tayari. Usinikasirikie, nitalipandisha tukirudi. Jumamosi asubuhi niko kwako.

Mwanao, Claudia

Kambini, 17 Machi

Claudia mwanangu,

U mzima? Nijibu hilo kwanza.

Watu walikuja. Tulikaa kaburini tangu asubuhi, na kila injini iliyopita nilisimama. Saa kumi mvua ikatufukuza. Wakaniambia, Manirakiza, ganduka tu, Mungu anaelewa. Nikakataa. Anaelewa Mungu, mama yako je?

Zimebaki siku kumi.

Baba yako

Mwanza, 22 Machi

Baba, shikamoo. Mimi mzima. Gari ndilo lililokufa.

Nyabusozi maji yalikuwa yamevuka barabara. Nikamwambia bosi pita, yanafika magotini tu. Injini ikanywa maji, ikagonga mara moja, ikanyamaza. Tukavutwa na lori kurudi. Shibuda hakunifokea. Alisema tu, "Uliniambia liko tayari." Afadhali angenipiga.

Ningeweza kuja kwa miguu kutoka pale, Baba. Niliogopa kizuizi. Sasa siogopi tena. Jumatano napanda basi, wakinishusha nitatembea. Tafadhali usipande lori kabla sijafika.

Mwanao, Claudia

Muyinga, Burundi, 20 Aprili

Mwanangu Claudia,

Amani kwako. Nimefika salama, kifua kimetulia. Barua hii naipitishia kwa Anatoli, najua bado uko kwake.

Yako ilinifikia nikiwa tayari juu ya lori. Niliomba nishushwe, wakasema jina limeshapigwa tiki. Anatoli ameniandikia kwamba ulifika kesho yake, miguu imevimba, ukamwomba aganduke nawe pale kaburini. Akakataa, kwa kuwa mwenye mke ni mimi. Hakukosea. Wewe peke yako huwezi, nami peke yangu siwezi.

Kuhusu bomba, usijitese. Ningekuwa mimi nina siku nne za kukuona, ningeliacha chini vilevile.

Juzi jirani aliozesha binti. Nilikaa nje ya uzio, maana mwenye matanga haingii harusini. Wakaniuliza nimefiwa lini. Nikasema mwaka juzi. Wakashangaa. Nitakaa hivyo hivyo mpaka uje.

Baba yako