Saa Moja ya Sauti ya Baba

Majimoto, 4 Machi 2025

Kwako mwanangu Ezekia,

Habari za Mpanda? Mkeo Hana hajambo? Huku tu wazima, isipokuwa baba yako, ambaye ni vilevile tangu kiharusi: mkono umelala na mdomo hautoi neno. Neno linatoka akisikia nyimbo zake tu, zile alizoimba akiwa manju wa ngoma. Hapo anafuatisha, na mdomo ukishafunguka anaomba hata maji, ananiita jina langu.

Sasa nina hasira. Ulichukua kadi ya redio iliyokuwa na nyimbo zake, ukaziweka kwenye kompyuta yako, ukasema nitazipata kwa simu popote nilipo. Nazipata, ndiyo, na kifurushi kinakwisha kabla ya chakula cha mchana. Mzee anakatwa katikati ya neno, anabaki mdomo wazi, machozi yanamtoka. Sauti ni yake mwenyewe, na leo tunainunua! Nirudishie kadi yangu.

Naandika kwenye karatasi kwa kuwa karatasi haili kifurushi. Atakuletea dereva wa basi.

Mama yako.


Mpanda, 9 Machi

Mama, shikamoo. Mpe baba shikamoo yangu. Hapa tu wazima, mvua tu ndiyo inatusumbua.

Mama, unanionea. Ile kadi ilikuwa inakufa. Ningeiacha, nyimbo zote zingepotea. Na msidhani mnaumia peke yenu. Kila wimbo unaotoka hapa kuja huko unakula na intaneti yangu, hiyohiyo ninayofanyia kazi ya steshenari. Juzi vijana walijaa dukani kutuma maombi ya ajira, siku ya mwisho, intaneti ikakata. Nilitukanwa kama mwizi. Nyie mnaacha nyimbo zinalia mchana kutwa, hata mzee akiwa amesinzia!

Nimeweka kikomo: saa moja kwa siku, jioni. Kadi nyingine nitanunua nikipata nafasi.

Mwanao, Ezekia.


Majimoto, 15 Machi

Ezekia,

Salamu leo sina.

Saa moja? Umempangia baba yako saa ya kusema? Asubuhi akibanwa na haja, asubiri mpaka jioni ndipo aniambie? Jana alijichafua, akalia, na mimi nikalia. Mtu ambaye Mpimbwe nzima ilikuwa inaacha majembe kumsikiliza! Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Usiniletee maneno, niletee nyimbo.

Mama.


Mpanda, 6 Aprili

Mama, shikamoo. Nimekaa kimya kwa sababu na mimi nilikasirika. Mke wangu Hana amenisema mpaka nimechoka.

Kadi hiyo hapo, dereva anayo, nyimbo zote zimo. Ichomeke redioni, haihitaji kifurushi. Yaishe. Kuja mwenyewe kwa sasa siwezi, kazi ni nyingi.

Mwanao, Ezekia.


Majimoto, 21 Aprili

Kwako Ezekia,

Hujambo na mkeo? Kadi imefika. Siirudishi, na asante sikupi, maana ulichelewa.

Siku zote hizo ulizonyamaza nilikuwa namwimbia mwenyewe, na sauti yangu unaijua. Mwanzo alinifuata. Baadaye akawa ananitangulia. Wiki iliyopita akaimba wimbo nisioujua, nikadhani akili imemruka. Kumbe anatunga! Tangu augue ndiyo mara ya kwanza. Humo wimboni anasema mwanawe kamfungia kwenye sanduku huko Mpanda, anampimia sauti yake kwa kibaba. Anauliza ni mtoto gani huyo anayekamua ng'ombe wa baba yake halafu anamnyima maziwa. Majirani wameshaushika. Wavunaji wa mpunga wanauitikia mashambani, na jina lako limo.

Desturi yetu unaijua. Aliyeimbwa na manju hajibu kwa karatasi wala kwa simu. Anakuja uwanjani, anasimama mbele ya watu, anajibu kwa wimbo, na kama hana wimbo anainamisha kichwa wamcheke. Baba yako ameomba Jumapili tumtoe nje, tumkalishe kwenye kiti. Nimemuuliza kama amekusamehe, akasema bado, kwanza akuone. Amesema kwa mdomo wake, bila wimbo.

Panda basi.

Mama yako.